Kubeti ukiwa Dubai na Abu Dhabi: soma hii kabla hujaweka hata dirham moja

Swali naloulizwa sana na vijana wanaofika Emirates kwa mara ya kwanza ni hili, "kaka apu yangu ya kubeti imegoma kufunguka, niweke VPN gani?" Na jibu langu huwa ni moja, usiweke yoyote (VPN ni ile apu inayoficha upo nchi gani mtandaoni), kaa kwanza uelewe sheria ya hapo ulipo. Maana nyumbani kubeti ni kitu cha kila siku, mtu anaandika mkeka akiwa kwenye daladala au anasubiri abiria kwenye boda, analipia kwa simu, redioni wanatangaza odi kabla hata ya habari, sasa huyohuyo anapanda ndege masaa matano hivi anashuka sehemu ambayo kitendo kilekile kinaweza kumfikisha mahakamani na hakuna aliyemwambia. Ejenti aliyemtoa alimuonya kuhusu pombe, kuhusu mavazi, kuhusu kupiga picha watu hovyo, ila la kubeti hakuna anayeligusa.

Naongelea Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi, Sharjah na wenzake, kwa sababu ndo kwenye watu wetu wengi na ndo kwenye mkanganyiko mkubwa, maana pale sheria ni kali ila tangu 2023 kuna mlango mdogo umefunguliwa na watu wanauchukulia kama geti zima. Waliopo Oman, Saudia, Qatar na Kuwait nyie jibu lenu ni fupi zaidi, huko hakuna mfumo wa leseni wa kukuruhusu kubeti mechi onlaini, kwa hiyo usikopi mambo ya Dubai ukayapeleka Muscat.

Kinachoangaliwa ni mwili wako uko wapi

Hapa ndo wengi wanapotelea. Mtu anakwambia, mimi nabeti kwenye kampuni ya Kenya, ina leseni ya Kenya, laini yangu ni ya Kenya, hela inatoka M-Pesa yangu, kwa hiyo mimi nabeti Kenya. Hapana. Wewe umekaa kwenye bedspace, yaani kitanda cha kupanga kwenye chumba cha pamoja, Deira hapo Dubai, kidole kilichobonyeza kipo Deira, na sheria inayokuhusu saa hiyo ni ya Deira. Leseni inayotolewa Nairobi inairuhusu kampuni kufanya biashara Kenya, ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania inaruhusu Tanzania, ya Uganda hivohivo, hakuna hata moja kati ya hizo inayovuka bahari. Uganda umri wa kubeti ni miaka 25, Emirates bahati nasibu yao ni 18, unaona kabisa kila nchi inapanga ya kwake.

Na zile tovuti kubwa za nje zinazoandika chini kabisa kwa herufi ndogo kwamba zina leseni ya Curaçao, hiyo ni kisiwa kipo Karibiani huko karibu na Venezuela. Leseni ni ya kweli mara nyingine, ila Dubai haina kazi. Tovuti kukubali dirham, kukuandikia Kiarabu, kuweka picha ya Burj Khalifa, vyote hivyo havithibitishi chochote, ni mapambo tu ya kukuvuta.

Kuna na swali la dini linaulizwa sana, kwamba sheria si ya Waislamu, mimi ni Mkristo. Sheria hii ni ya jinai, inamhusu kila aliye ndani ya nchi, raia na mgeni, awe na viza ya kazi, ya kutembelea au yupo transiti tu.

Sheria yenyewe inasemaje

Kuna sheria mbili unatakiwa uzijue na zote ni za 2021. Ya kwanza ni sheria ya makosa na adhabu, namba 31 ya 2021, ambayo inaeleza kamari kuwa ni mchezo ambao kila upande unakubali kwamba akishindwa atampa mshindi hela au kitu kingine walichokubaliana, na mchezaji anaweza kufungwa hadi miaka miwili au kupigwa faini. Soma tena hayo maelezo taratibu. Hakuna neno kasino hapo, hakuna neno intaneti, ni makubaliano ya kupeana hela kwa kushinda na kushindwa, basi. Ndo maana karata za hela chumbani kwenye kambi ya wafanyakazi zinaingia humohumo, ata kama ni dirham tano tano.

Ya pili ndo nzito, namba 34 ya 2021, ya kupambana na uvumi na makosa ya mtandaoni. Hii inasema anayeanzisha tovuti ya kamari, anayeisimamia, au anayetangaza, kutuma, kuchapisha au kuchapisha tena shughuli za kamari kupitia mtandao, nje ya zile zilizoruhusiwa kisheria, adhabu ni kifungo na faini kuanzia dirham 250,000 mpaka 500,000, au kimojawapo. Dirham 250,000 ni zaidi ya dola 68,000. Chukulia mlinzi anayelipwa dirham 2,000 kwa mwezi, asile, asilipe chumba, asitume nyumbani hata senti, atahitaji zaidi ya miaka kumi kumaliza ile faini ya chini.

Sasa angalia vizuri hayo maneno, kutuma, kuchapisha, kuchapisha tena. Watu wetu wanaogopa kubeti ila hawaogopi kusambaza, wakati sheria kwa namna ilivoandikwa inambana msambazaji kuliko hata yule anayecheza peke yake kimya kimya. Ile kodi ya promo, yaani code ya kujisajilia, unajua zile, "jisajili kwa kodi yangu upate bonasi ya asilimia mia", unaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp ili upate kamisheni ya dola mbili tatu kwa kila anayejiunga, pale umeshatangaza kamari kwa mtandao ukiwa ndani ya Emirates, jina lako lipo, namba yako ipo, na kodi yenyewe inaonyesha kabisa watu wangapi wamepita kwako na umelipwa shingapi. Mimi kama kuna kitu kimoja nataka mtu akishike kwenye maandishi yote haya ni hicho, toa hizo linki kwenye stetasi, kwenye bayo ya Instagram, kwenye TikTok laivu, leo hiihii. Na ma-admini wa magrupu ya Telegram ya odi za uhakika na mechi za kupangwa, nyie mliopo huku, mnauza kitu ambacho nyumbani ni utapeli wa kawaida ila huku kinaongezeka na kosa la mtandaoni juu yake.

Kuhusu VPN sasa

Ukifungua tovuti ya kamari kwa laini ya du au ya etisalat utakutana na ukurasa unaosema maudhui hayo yamezuiwa Emirates. Huo si mtandao mbovu wala apu haijagoma, ni sera ya mamlaka ya mawasiliano inayoitwa TDRA, ambayo ina orodha ya aina za maudhui zinazofungwa na kamari imo. Kwa hiyo ukishaona ule ukurasa huwezi tena kusema hukujua, umeambiwa kwa maandishi.

VPN yenyewe kama VPN si haramu, makampuni na mabenki yanatumia kila siku kwa kazi zao. Kosa linakuja ukiitumia kuficha anwani yako ya intaneti ili ufanye kosa au uzuie lisigundulike, na ile sheria namba 34 imeweka hapo kifungo na faini ya dirham 500,000 hadi 2,000,000, au kimojawapo. Umeona hesabu ilivyo? Ulikuwa na kosa la kucheza, ukaweka VPN ili uwe salama, umejiongezea kosa ambalo faini yake ya chini ni sawa na ile ya juu kabisa ya kutangaza kamari. Wauza VPN kwenye YouTube hawawezi kukwambia hilo, wao wanakwambia "fungua tovuti yoyote popote ulipo" na wanakupa punguzo.

Wengine wananiambia mbona fulani yupo miaka sita anabeti na VPN na hajawahi guswa. Inawezekana kabisa. Polisi hawasimami mlangoni kwako kila Jumamosi. Ila nilivoona mimi mambo haya huwa hayaanzii kwenye kubeti kwenyewe, yanaanzia kwenye kitu kingine, umegombana na mwenzako wa chumba kakushtaki, umeibiwa na hiyo tovuti ukaenda mwenyewe kulalamika, benki imeona miamala haieleweki ikauliza, simu imeangaliwa kwa kesi nyingine kabisa. Hapo ndo meseji za mwaka mzima zinasomwa.

Mlango uliofunguliwa, na jinsi ya kujua nani ameingia kihalali

Mwaka 2023 serikali ya shirikisho iliunda mamlaka ya kusimamia michezo ya kubahatisha ya kibiashara, inaitwa GCGRA kwa kifupi. Kabla ya hapo kulikuwa na michezo kama Mahzooz na Emirates Draw ambayo watu wetu wengi walicheza, hiyo ikasimamishwa mwanzoni mwa 2024 wakati mamlaka mpya inapanga nyumba yake. Julai 2024 ikatolewa leseni ya bahati nasibu ya taifa, ndo hiyo UAE Lottery iliyoanza kuuza tiketi mwishoni mwa Novemba 2024. Oktoba 2024 kampuni ya Wynn ya Marekani ikapata leseni ya kasino kwa ajili ya hoteli wanayoijenga kisiwa cha Al Marjan, Ras Al Khaimah, ambayo wenyewe walipanga kuifungua 2027.

Watu waliposikia habari hizo wakaanza kusema Dubai wameruhusu kamari. Hawajaruhusu kamari, wameruhusu wenye leseni, na hao ni wachache unawahesabu. Wote wengine waliobaki wapo palepale kwenye sheria za 2021, na GCGRA wenyewe wameshatahadharisha kwamba kucheza kwa kujua na mwendeshaji asiye na leseni ni kosa kwa mchezaji pia.

Kwa hiyo ukiona mchezo wowote unakaguaje? Andika mwenyewe kwenye simu gcgra.gov.ae, andika kwa mkono wako, usifuate linki uliyotumiwa na mtu. Humo kuna orodha ya waliopewa leseni. Tafuta jina la kampuni, na zaidi ya jina angalia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli wanatengeneza tovuti inafanana kila kitu imezidi herufi moja tu au imeisha na neno lingine, na nembo ya GCGRA wanaibandika chini kama stika. Nembo kwenye tovuti yao haina maana, chenye maana ni wao kuwepo kwenye orodha ya mamlaka. Kama haipo, stori imeisha hapo, usiendelee kutafuta sababu za kujishawishi. Na orodha inabadilika, walioingia leo jana hawakuwepo, kwa hiyo angalia siku unayotaka kucheza na sio kutegemea skrinshoti ya mwaka jana iliyozunguka kwenye grupu.

Baada ya orodha angalia wanavotaka taarifa zako na hela yako. Mwenye leseni atataka kujua wewe ni nani, una umri unaoruhusiwa, na upo ndani ya nchi wakati unanunua. Wa mchongo yeye hataki kujua chochote, anakupa namba ya WhatsApp ya "ejenti", unamtumia hela kwenye akaunti ya mtu binafsi jina la ajabu, au anataka USDT, ile sarafu ya kidijitali. Ukishaambiwa tuma USDT kwa ajili ya kubeti jua hapo leseni hakuna na hela hairudi, ukishinda utaambiwa ulipie kodi kwanza ndo utoe, ukilipia utaambiwa ada ya uhakiki, na huwezi kwenda polisi ukiwa na amani kwa sababu na wewe ulikuwa unafanya kitu kisichoruhusiwa. Wanalijua hilo na ndo mtaji wao.

Kuna na zile droo za zamani za viwanja vya ndege, ya Dubai Duty Free ipo tangu 1999, tiketi inauzwa dirham 1,000 na kila droo ina tiketi 5,000 tu, mshindi anachukua dola milioni moja. Na Abu Dhabi kuna Big Ticket, nayo ilisimama kidogo 2024 ikarudi. Hizi mkinunua nunueni kwao wenyewe, kaunta zao au tovuti zao, sio kwa mtu anayekusanya hela kambini akisema atawanunulia wote tiketi moja mtagawana. Watu huwa wanafanya hivo na wapo walioshinda kwa kuchanga, lakini kama hakuna maandishi na tiketi ina jina la mtu mmoja basi hela ni ya mwenye jina, na ukipigiwa simu ghafla umeshinda droo ambayo hukununua tiketi, kata simu.

Niongeze hesabu ndogo hapa maana mtu akishaona halali anadhani ni rahisi pia. Hiyo UAE Lottery ilipoanza, tiketi ya Lucky Day ilikuwa dirham 50 na zawadi kuu milioni 100, unachagua namba sita za siku kati ya 31 na mwezi mmoja kati ya 12. Ukipiga hesabu ya michanganyiko yote unapata 8,835,372, na tiketi yako ni mmoja wapo. Halali ndiyo, ila usiiweke kwenye bajeti ya ada ya mtoto.

Mambo madogo ambayo watu hawayaoni kama kamari

Grupu la WhatsApp la watu wa kazini. Jumamosi kuna Arsenal na Chelsea, mmoja anaandika hivi, "wadau kila mtu aweke 20, andika matokeo yako hapa chini, atakayepatia anachukua zote, hela mtumieni Juma". Watu kumi na tano wanajibu, 2-1, 1-1, 0-2, na vidole gumba. Mimi nikiona meseji kama hiyo naumia kwa sababu kwa nyumbani huo ni urafiki tu, ila irudishe kwenye yale maelezo ya sheria, mmekubaliana atakayeshindwa atoe hela atakayeshinda achukue, mmeandika kwa mtandao, na Juma wa watu amekuwa mwendeshaji bila kujua. Fanyeni utabiri bila hela, atakayekosa aoshe vyombo wiki nzima kama mnaishi pamoja, hela isiwepo kabisa.

Lingine ni lile la kumtumia mdogo wako. "Mimi sibeti, namtumia hela mdogo wangu Mombasa, namwambia mechi, yeye anaweka." Hapa nitakwambia maoni yangu na sio hukumu ya mahakama, kama mdogo wako anabeti kwa akili yake na hela yake hilo ni lake na sheria za Kenya. Ila kama wewe ndo unachagua mechi, wewe ndo unatoa dau, na ushindi unarudi kwako, basi wewe ndo mchezaji na mdogo wako ni kidole chako tu, na meseji zote za mpango huo zipo kwenye simu yako iliyo Dubai. Mimi singethubutu.

Halafu kukopesha akaunti ya benki. Hili naomba mlichukulie kwa uzito kuliko kubeti kwenyewe. Mtu anakuja anakwambia nina wateja wangu wa michezo wananilipa, akaunti yangu imejaa limiti, ipitie kwako utachukua asilimia tano. Hela ya kamari isiyo na leseni ikipita kwenye akaunti yako umeingia kwenye utakatishaji wa fedha, na huko hauulizwi ulipata asilimia ngapi, unaulizwa kwa nini hela ya watu arobaini usiowajua imeingia kwenye akaunti ya mfanya usafi. Jibu hauna. Vivyo hivyo kumpa mtu kadi ya benki, OTP (ile namba ya siri benki inayokutumia kwa meseji), au laini ya simu uliyosajili kwa Emirates ID yako, usimpe ata kama mnatoka kijiji kimoja.

Kazi za "customer care wa michezo ya onlaini"

Hapa nakaa kidogo maana kuna dada zetu na kaka zetu wameumia. Tangazo linakuja, kazi Dubai, kujibu wateja wa kampuni ya gemu onlaini, mshahara dola 1,000 na zaidi, chumba bure, Kiingereza tu kinatosha. Uliza jina la kampuni na leseni yake, kisha rudi kwenye ileile orodha ya GCGRA. Kama kampuni haimo na kazi ni kuhudumia wacheza kamari basi wewe hauendi kuwa mchezaji, unaenda kuwa sehemu ya uendeshaji, yaani ile ya dirham 250,000 kwenda juu na kifungo. Kusema mimi ni mwajiriwa tu nilikuwa najibu chati haikutoi moja kwa moja.

Kazi za kasino Dubai ndo kabisa, Dubai mjini hakuna kasino yenye leseni, iliyopewa leseni ni hiyo ya Ras Al Khaimah tu, na kampuni kubwa kama ile inaajiri kupitia tovuti yake yenyewe, haichukui hela ya "fomu" kwa M-Pesa. Na ukiona tangazo linaanza na Dubai halafu wiki moja kabla ya safari linageuka kuwa Thailand, simama hapohapo. Ndo njia iliyowapeleka watu mpaka Myawaddy, Myanmar, mpakani na Thailand, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni na kamari. Mwanzoni mwa 2025 yalipotolewa makundi ya maelfu kutoka kule walikuwemo Wakenya, Waganda na Waethiopia, watu walioondoka nyumbani wakijua wanaenda kazi za ofisini.

Ukiwa bado nyumbani, fanya haya kabla ya safari

Toa hela yote iliyobaki kwenye akaunti zako za kubeti ukiwa bado Dar au Nairobi au Kampala, usiseme nitaitoa nikifika. Kisha omba akaunti ifungwe, sio kufuta apu tu, kufuta apu akaunti inabaki na meseji za bonasi zinakufuata hadi huko. Jitoe kwenye magrupu ya mikeka, na kama wewe ni admini kabidhi au lifunge. Futa post zako za zamani zenye kodi za promo, ata za miaka miwili nyuma, kwa sababu post ya zamani ikiendelea kuonekana ukiwa huku inaonekana ni yako ya leo.

Kama unajijua kubeti kumekushika kiasi kwamba ukipata mshahara wa kwanza mkono unawasha, sema mapema kwa mtu unayemuamini, mke, kaka, mchungaji, shehe, yoyote, na panga hela itoke kwenda nyumbani siku ileile ya mshahara. Upweke wa bedspace na zamu za usiku unasukuma sana watu kwenye hii kitu, nimewaona watu wazima wanaostahili heshima wanamaliza mshahara ndani ya usiku mmoja na kesho yake wanaomba nauli ya basi.

Na ikitokea umeshaingia matatizoni

Kama umetapeliwa na tovuti, acha kutuma hela zaidi, tunza skrinshoti, namba za miamala na mazungumzo, na piga benki yako waifunge kadi. Ukitaka kuripoti, Dubai polisi wana huduma ya makosa ya mtandaoni kwenye tovuti yao na namba 901 kwa mambo yasiyo ya dharura, Abu Dhabi kuna huduma ya Aman 8002626 ambayo inapokea taarifa kwa siri. Lakini kama na wewe ulikuwa unacheza, ongea na wakili kwanza kabla hujaenda kuandikisha maelezo, hiyo sio kukwambia ufiche, ni kukwambia ujue unasema nini na kinakugusaje.

Kama umeitwa kituoni, nenda, usikimbie wala usijaribu kutoka nchini kimyakimya, maana unaweza kukuta umeshawekewa zuio na ukakamatwa uwanja wa ndege ukionekana unatoroka. Usifute simu njiani, hilo linakuongezea. Maelezo yanaandikwa kwa Kiarabu, kwa hiyo omba mkalimani na usisaini karatasi ambayo hujatafsiriwa yote, sema kwa adabu ila sema, usione aibu wala usijifanye umeelewa ili umalize haraka urudi kazini. Ujue pia mgeni akihukumiwa kifungo mahakama ina uwezo wa kuamuru afukuzwe nchini baada ya adhabu, na hapo kazi imekwenda na viza imekwenda, kwa hiyo mwambie wakili wako mapema kama una familia inayoishi huku kwa viza yako.

Omba ubalozi wenu ujulishwe. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konseli Dubai. Hawawezi kukutoa wala kukulipia faini, wanachoweza ni kukutembelea, kukupa orodha ya mawakili na kuwajulisha nyumbani. Namba zao usizihifadhi kwenye simu peke yake, ziandike kwenye karatasi uweke kwenye pochi pamoja na namba ya mtu mmoja wa familia, maana kwenye kesi za mtandaoni simu ndo kitu cha kwanza kuchukuliwa.